Kuamia Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti chenye mguu mbovu, kibodi iliyofutika herufi, na onyo. Onyo lilitoka kwa Meneja wa Takwimu, mtu mfupi wa upande wa Mahenge, mwenye sauti ya kusomea somo kanisani. "Tekla," alisema, "hapa hatukisii. Mwandiko usiposomeka, uliza." Nikasema ndiyo mzee, nikakaa, na kiti kikanibwaga chini. Wenzangu walicheka mpaka wakafuta machozi, nami nikajua nimekaribishwa.

Hiyo ilikuwa Ifakara, miaka ya tisini, katika mradi wa utafiti wa malaria. Mradi uligawa vyandarua vyenye dawa katika baadhi ya vijiji vya bonde, ukafuatilia afya za watoto wadogo huko na katika vijiji ambavyo havijapata. Wadadisi walirudi kutoka Mchombe, Chita na Mlimba na madodoso yaliyolowa mvua, nasi tukayaingiza kwenye kompyuta. Kila dodoso liliingizwa mara mbili, na watu wawili tofauti, kisha mashine ikalinganisha. Palipohitilafiana ilimaanisha mmoja wetu alisinzia. Mara nyingi sikuwa mimi, ingawa mwenzangu wa meza ya pili angewasimulia vingine.

Baada ya muda nilihamishiwa chumba cha uchambuzi. Huko hatukuingiza takwimu, tuliziuliza maswali. Swali kubwa lilikuwa moja: je, vyandarua vinaokoa watoto, au tumebahatisha tu? Ili kulijibu, kompyuta ilitakiwa kuchagua kaya kwa bahati nasibu, kukokotoa, kuchagua tena, kukokotoa tena, mara maelfu, hadi tujue makadirio yetu yanayumba kiasi gani. Kompyuta zetu za mezani hazikuiweza kazi hiyo. Zingeifanya polepole, na kabla hazijafika popote umeme wa Ifakara ungekwenda zake.

Kwa hiyo tuliazima seva ya chuo kimoja Dar es Salaam. Seva ni kompyuta kubwa inayotumikia watu wengi walio mbali nayo. Tuliifikia kwa modemu, kisanduku kinachogeuza maneno ya kompyuta kuwa mlio upitao kwenye waya wa simu. Ukipiga, kinalia vibaya sana, halafu kinanyamaza, na hapo unajua umefika Dar bila kupanda treni.

Tatizo lilikuwa moja. Laini ikikatika, seva ilichukulia kwamba mwenye kazi ameondoka, ikazima kila alichokiwasha. Hesabu ya siku nzima ilipotea, ukaanza moja. Na laini zetu wakati wa masika, nyie acheni tu.

Meneja akatunga sheria: laini haiachwi peke yake. Tulikaa kwa zamu mbele ya skrini, tukibonyeza kitufe kila baada ya muda ili seva ijue bado tupo. Mlinzi wa getini naye alifundishwa kubonyeza. Kwa kuwa ofisi ilikuwa na laini moja tu, simu zote zilibandikwa karatasi: USIGUSE. Hata hivyo, siku moja Mkuu wa Kituo, mtu mwenye shahada nyingi kuliko vifungo vya koti lake, aliinua simu ya chumbani kwake amjulie hali mkewe. Hesabu ikafa palepale. Alikuja kutuuliza mbona simu yake inapiga makelele, na hakuna aliyethubutu kumjibu.

Nilipokwenda nyumbani Mchombe mama aliniuliza siku hizi nafanya kazi gani. Nikamweleza. Mpunga wake ulikuwa unatia maziwa, naye alikuwa akiamia tangu alfajiri, juu ya dungu lake la miti, akivuta kamba zenye makopo kufukuza ndege. Akanitazama kwa huruma. "Yaani nimeuza mpunga kukusomesha, nawe umekwenda mjini kuamia?"

Kazi yangu ilikuwa ni kuamia kweli, ila yeye alikuwa na upepo na mimi nilikuwa na kiti kibovu.

Aliyetuokoa ni mtunza seva wa kule Dar, dada ambaye tulimjua kwa sauti tu. Nilimpigia siku moja baada ya hesabu ya tatu kufa, nikiwa karibu kulia. Akashangaa. "Dada Tekla, mbona mnajitesa? Ukianza kazi, tanguliza neno nohup. Mwishoni weka ile alama ya 'na', iliyo juu ya saba." Akanieleza kwamba laini inapokatika, seva hupiga mbiu kwa kila kazi: mwenyewe kaondoka, acheni. Neno lile huifanya kazi isiisikie mbiu. Ile alama huisogeza nyuma, ijiendee bila kukungoja, na majibu hujiandika kwenye faili moja yakisubiri urudi.

Nilimpelekea Meneja habari hiyo nikicheka kwa furaha. Yeye hakucheka. "Umeliona likifanya kazi?" akauliza.

"Bado, mzee."

"Basi liandike, lakini zamu ziendelee. Mwamini Mungu na mlango ufunge."

Tukaanza hesabu ya nne hivyo. Muda uliobaki uliitosha hiyo tu. Jumanne yake Mkuu alitakiwa Dar kwenye kikao ambacho kingeamua kama vyandarua vipelekwe vijiji vilivyobaki. Bila majibu, Meneja alituambia wazi, mradi ungefungwa na sisi tungerudi makwetu.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza nikaenda kupokea zamu. Nilimkuta Meneja mwenyewe ameketi pale na shati lake la kanisani. Hesabu ilikuwa imevuka nusu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku, na tulikuwa tukiisikiliza kwa hofu, ndipo mlango ukafunguka kwa kishindo.

Aliingia Bonifasi, dereva wetu, mtu anayesalimia hata mbuzi, na hakutusalimia. Nyuma yake alikuwapo steshenimasta wa Ifakara, kofia mkononi.

"Mzee, naomba simu," Bonifasi alisema. "Yustina."

Yustina ni mkewe. Alikuwa amekwenda kwao Mlimba kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Steshenimasta ndiye aliyetueleza, kwa kuwa ndiye aliyeipokea habari kutoka stesheni ya Mlimba. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi na mtoto hashuki. Mkunga amesema apasuliwe, na upasuaji uko Ifakara. Barabara imekatwa na maji. Pale Mlimba ipo treni ya mizigo inayokaribia kuondoka, na Yustina yupo stesheni juu ya machela. "Lakini treni ya mizigo haipakii mtu bila ruhusa ya wakubwa Dar," alisema. "Waya wangu wa kwenda Mlimba mzima. Wa kwenda Dar umekwenda na mvua."

Posta ilikuwa imefungwa, Jumapili. Simu nyingine zote nilizozijua mjini zilikuwa nyuma ya milango yenye makufuli.

Meneja aliitazama skrini. "Tekla, uliianza kwa lile neno?"

"Ndiyo, mzee."

"Litashika?"

"Kuliandika nililiandika, mzee. Kushika sijaona."

Alimtazama Bonifasi. "Hesabu tutaianza tena," akasema. "Chomoa."

Nikachomoa. Taa za modemu zikazimika. Meneja akapiga simu reli Dar, akasema nao kwa ile sauti yake ya somo la kwanza, polepole, bila kuomba mara mbili. Kisha akampa steshenimasta mkono wa simu, asikie ruhusa kwa masikio yake. Walitoka mbio, gari likarusha tope mpaka dirishani kwetu.

Treni iliingia alasiri. Yustina alikuwa ndani ya behewa la gadi, na mama yake amemshika mkono. Kabla jua halijazama Bonifasi alirudi ofisini, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mzee. Dada Tekla, hujambo?" Tukajua kwamba mambo mazuri. Alipata binti, na mama mtu alikuwa mzima. Meneja alijipangusa macho akasingizia vumbi, masika yale!

Laini ya Dar haikupatikana tena siku ile. Tuliipata kesho yake mchana. Modemu ikalia, ikanyamaza, nikaingia, nikaandika amri ya kuuliza ni kazi zipi zinazoendelea. Jina la hesabu yetu lilikuwapo. Nikafungua faili la majibu: mistari ilikuwa imejipanga, Jumapili nzima, usiku kucha, bila mtu kubonyeza kitu. Nilipiga kigelegele, tena ofisini.

"Kumbe tulikuwa tunaamia bure," Meneja alisema.

Jioni ile hesabu ilikamilika, na Mkuu akaondoka nayo. Vyandarua vilifika vijiji vilivyobaki, hadi Mlimba. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni Meneja akizunguka chumba kwa chumba, akibandua zile karatasi za USIGUSE kwa kucha zake mwenyewe.

Baadaye nilipelekwa kituo kidogo cha Mlimba, kisha Dar, kisha nikarudi Ifakara nikiwa mimi ndiye Meneja wa Takwimu. Kiti nilipewa kizima. Siku yangu ya mwisho nilianzisha hesabu ndefu, nikatanguliza neno langu, nikafunga laini, nikachukua mkoba. Vijana wakaniuliza kama nitaingia kesho nikiwa nyumbani, niangalie imefikia wapi. Nikawaambia kesho nina mpunga.

Sasa niko Mchombe, juu ya dungu la mama, navuta kamba za makopo. Watu huniuliza kama siikumbuki kazi. Naikumbuka. Ila sichungulii. Niliiacha inaendelea, na mpaka leo hakuna aliyenipigia simu kuniambia imesimama.