Nilimpimia Daktari Vitambaa vya Sebuleni

Kosa ni langu. Naliweka hapa mwanzo kabisa, msije mkahangaika kulitafuta kwa watu wengine. Jina langu liacheni. Watu wa Msamala wakisoma aya mbili tu watanijua, na hao peke yao wananitosha!

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la sita, na si kwa uzito wa kichwa. Mwalimu alikuwa anatufundisha mito ya nchi za mbali, mimi nikataka kujua bomba la pale shuleni linatoka wapi. Nikalifuata. Mpaka leo sijarudi darasani.

Nimechekecha mchanga Tunduru nikitafuta vito. Nimebeba magunia ya korosho. Nimekuwa utingo wa lori. Kila mahali nilijifunza robo ya kazi, nikahama. Robo hizo nikizijumlisha nilikuwa najiona nimesoma kuliko wilaya nzima. Ugonjwa wangu ni huo, wala hauna dawa hospitalini.

Mwaka jana, kiangazi, nilikuwa nimerudi kwa shangazi yangu, mtaa wa Msamala. Huyu ndiye aliyenilea. Kazi yake ni kupika komoni, pombe yetu ya nafaka, katika jiko la uani lisilo na dirisha. Kuni zinaingia asubuhi, moshi unatoka jioni, naye yumo ndani. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali walimwambia aache moshi. Akawauliza, "Nikiuacha, mtanilisha nyie?" Wakamwandikia dawa ya kikohozi.

Ndipo akaja Daktari. Si daktari wa sindano, ingawa siku ya kwanza akina mama walimpelekea magoti, meno, na mmoja mbuzi. Daktari, mama wa watu, akawaeleza kwa upole kwamba yeye anachunguza uchafu wa hewani na majini, namna unavyomwingia binadamu. "Nataka kujua mnavuta nini na mnakunywa nini."

Alitaka mtu anayejua vichochoro. Nikajitokeza kabla hajamaliza sentensi.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

"Mpaka nilipotosheka, Daktari."

Akacheka, akanichukua. Kicheko kile kilimgharimu, maskini!

Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuchota maji ya visima kwenye chupa zake, Msamala na mtaa wa Ruhuwiko. Ya pili, kupeleka visanduku vya kupimia moshi. Kila kisanduku kilikuwa na pampu inayonguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani, na ndani yake karatasi ndogo ya mviringo, nyeupe. Kinavuta hewa, uchafu unabaki kwenye karatasi. Unakiacha jikoni siku nzima.

"Jikoni," Daktari alinirudia mara tatu. "Karibu na moto, usawa wa mdomo wa mpishi. Mtaa utakaoonekana una moshi mzito ndio utakaoanza kujengewa majiko yenye bomba la kutolea moshi."

Nikaitikia kama mtu anayefundishwa kufunga kamba za viatu.

Maji niliyachota vizuri, hilo nisinyang'anywe. Kisima kimoja kikaonekana kibovu, watu wakaambiwa wakiache, wakakiacha. Hakuna aliyenizuia kuchota, maana kisima ni cha wote, aibu yake haina mwenyewe. Lakini jiko! Jiko ni la mtu.

Nilianzia kwa shangazi. Nikafika na kisanduku, nikaelekea uani. Akanizuia kwa mwiko mlangoni.

"Hicho unakipeleka wapi?"

"Jikoni, shangazi. Ndivyo alivyosema."

"Chombo cha Daktari ukaning'inize kwenye masizi? Akija kukichukua aingie kule aone nini? Wewe tangu lini ukaona mgeni anapelekwa jikoni kwangu?"

"Kinapima moshi, shangazi."

"Kikapime sebuleni! Jumuiya ikija kusali nawakalisha wapi? Padri akija namkalisha wapi? Kiweke pale mezani, kikae kama mgeni."

Kubishana na shangazi si jambo jepesi, nakubali. Lakini msimtupie yeye mzigo! Angenielewa kama ningemweleza ile habari ya majiko ya bomba. Sikumweleza. Elimu yangu ya robo robo ilikuwa imeshanipanda kichwani. Nikakuna kidevu, nikatoa hukumu:

"Hata hivyo ni sawa. Nyumba ni moja, na hewa haina mlango."

Hewa haina mlango! Mimi niliyewahi kukaa ndani ya shimo la vito Tunduru nikaona hewa ya chini ilivyo tofauti na ya juu!

Shangazi akakiweka juu ya meza ndogo, chini ya picha ya harusi yake. Kisha akakifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile cha sikukuu. Kikanguruma humo ndani kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Tukakitazama kwa fahari.

Mngetegemea niishie hapo. Thubutu! Nikazunguka nyumba zote nilizopewa nikihubiri: "Wekeni sebuleni, mlongo wangu, ndugu yangu, msiutie mtaa aibu." Wakafurahi. Wakafagia, wakafungua madirisha, wakafunika visanduku kwa vitambaa vya bluu, vya waridi, vyenye maua. Nyumba moja kisanduku walikihamishia chumba cha wageni, kitandani!

Daktari alipofungua visanduku aliinua karatasi moja kwenye mwanga, kisha nyingine. Karatasi zilikuwa nyeupe kama hostia.

"Uliviweka jikoni kweli?"

Hapo ndipo ningejiokoa. Neno moja tu.

"Ndiyo, Daktari."

"Vyote hivi? Na kuni zile ninazoziona?"

"Majiko ya Msamala yana madirisha makubwa, Daktari. Moshi haukai."

Jamani, ulimi wangu! Haukupinda hata kidogo. Akaandika. Mtu aliyesoma miaka yote ile akaandika maneno ya mtu aliyeacha shule akifuata bomba!

Siku ya mkutano wa kusomewa majibu tukajaa ofisi ya mtaa. Daktari akasimama na makaratasi yake. Akasema kisima kile kiendelee kuachwa. Halafu akasema kuhusu hewa tunashukuru Mungu, Msamala ni safi kuliko alivyotarajia. "Kwa mfano nyumba ya mama huyu," akamwonyesha shangazi yangu, "ina hewa safi kuliko ofisi yangu mimi."

Makofi! Vigelegele! Mwenyekiti wa mtaa akajishika tai kana kwamba hewa ameisafisha yeye.

Shangazi akainuka kutoa shukrani. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema. "Milele, amina," tukaitikia. Akafungua mdomo aendelee, kikohozi kikambana. Akakohoa, akakohoa, akashika benchi, akaketi. Watu wakampigia makofi tena kumtia moyo.

Daktari akamwangalia. Kisha akaniangalia mimi. Nikaangalia dari.

"Majiko ya bomba," akamalizia, "yataanza mitaa mingine yenye shida zaidi."

Shangazi akanigeukia, anafuta machozi ya kikohozi. "Majiko gani tena hayo?"

Nikajichanganya na watu, nikatoka nje.

Kesho yake nilimfuata Daktari akifunga mizigo yake garini. Nikamwambia yote, mpaka habari ya kisanduku kilicholala kitandani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga!

"Kwa nini hukusema jana?"

"Walikuwa wanapiga makofi, Daktari."

Akafunga mlango wa gari taratibu. "Nilikuja kupima mapafu ya watu. Wewe umenipimia vitambaa." Akaniambia vipimo vyote vya moshi vya Msamala inabidi avitupe, na majiko yaliyopo yameshapangiwa kwingine. Akipata njia ya kurudi atarudi, lakini hataki kuniona karibu na kisanduku. Nami sikumwona tena.

Nikaenda kumwambia shangazi. Alikuwa anakoroga komoni. Alinisikiliza hadi mwisho, mwiko ukizidi kwenda polepole.

"Kwa hiyo masizi yangu ndiyo yaliyokuwa yanatafutwa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia, mwanangu. Ningemkalisha Daktari humuhumu jikoni, nikamfungia na mlango!" Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi. Nilihesabu kuta za jiko lile, maana sikujua pa kutazama. Ziko nne, na hakuna dirisha.

Tangu siku ile sijazunguka popote. Nimetoboa dirisha moja kwa nyundo, likaja limepinda. Siku za kupika nakoroga mimi, lakini akiniona nimechoka ananipokonya mwiko.

Basi ninyi wenzangu wajuaji, mnaojua robo ya kila kitu, sikieni! Ukiambiwa jikoni, nenda jikoni. Na ninyi akina mama, mgeni akija kupima shida, msimpambie sebule. Mwonyesheni masizi, mwacheni alie machozi! Ubaya ukifichwa haupungui, unabaki na mwenye nyumba.

Shangazi naye amepata njia yake ya kujikinga. Akiingia jikoni anajifunga puani na mdomoni kile kitambaa cha sikukuu. Kilikuwa cheupe. Sasa kina duara jeusi pale anapovutia pumzi, na hicho ndicho kipimo ambacho Daktari alikuja kukitafuta.

Tena ni kitambaa cha kufuma, ndugu zangu. Kina matundu.