Maziwa Mlangoni kwa Mama

Du, du, du. Hivyo ndivyo bidoni mbili, madumu yaliyojaa maziwa, zilivyogongana nyuma ya pikipiki, pale njia ya mtaa wetu wa Katoyi inapoacha udongo na kuanza mawe meusi ya volkano. Mpaka leo nikisikia pikipiki nyingine ikipita na mzigo wa namna ile, mkono wangu unatafuta sufuria. Mara mbili kwa juma dereva aliyetoka Masisi alituteremshia bidoni moja, ile ndogo, iliyotumwa na mjomba wangu aliyebaki kule na ng'ombe wa familia. Ile kubwa ilikuwa ya mtu mwingine.

Alhamisi moja aliteremsha zote mbili.

“Dada, mutu mwenye alikuwa anakamata hii kubwa amehamia Beni,” alisema. “Kuko mama mumoja wa mutaa wa Himbi anaitaka. Lakini wewe ulisemaka unaota biashara ya maziwa. Nikupatie wewe, ao yeye?”

“Niachie siku tano nifikiri.”

“Siku tano! Maziwa haingojake batu. Ya leo ujaribu nayo. Jumamosi asubuhi unipe jibu.”

Kuota nilikuwa nimeota sana. Niliacha shule darasa la nne la sekondari, baba alipofariki, na tangu hapo nilikuwa nauza vitu vya wengine sokoni: biskuti za huyu, sabuni za yule. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshanunua friji yenye mlango wa kioo, ingawa umeme wa kwetu ulikuwa unakuja kama mgeni asiyeaga akiondoka. Nilikuwa nimeshapaka mbao za nyumba rangi ya buluu. Watu wa mpaka mtaa wa Kyeshero walikuwa wanapanga mstari.

Kitu kimoja tu sikuwa nimekiota: namna ya kumwambia mama.

Mama alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katikati ya ng'ombe, na maziwa nyumbani kwake yalikuwa na sheria zake. Hayauzwi. Anayeingia anapewa. Na hakuna mtu anayeyanywa amesimama, hata kama ana haraka ya kufa. “Mutu akikunywa amesimama, ni kama umemufukuza,” alikuwa anatuambia tangu utotoni. Mjini hapa watu walimcheka kidogo, kisha wakaketi, wakanywa.

Alhamisi ile mama alikuwa kanisani, zamu yake ya kufagia. Nilijiambia: najaribu tu, kabla hajarudi. Nikachemsha maziwa, nikayaacha yapoe, nikaweka kimeza nje na vikombe vitatu. Dereva mmoja wa pikipiki za abiria akasimama, mguu mmoja chini, kofia ameisukuma nyuma. Akanywa kwa pumzi moja. “Dada, hii ni dawa!” Akaenda kuita wenzake. Hawakuketi. Wangeketi wapi? Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Ng'ambo ya njia, bibi jirani yetu, mjane tuliyemwita koko, alikuwa amesimama mlangoni kwake akiniangalia. Nikampungia mkono kwa furaha. Hakunipungia.

Kesho yake alikuja saa yake ya kila siku, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Kwa miaka mingi koko aliingia bila hodi, akajishusha kwenye kiti kifupi nyuma ya mlango, mama akammiminia, na wote wawili wakaanza kuuliza kama mvua imenyesha kule milimani. Siku hiyo alibaki kizingitini. Alikuwa amefunga kitambaa chake cha misa, na kati ya vidole alishika noti aliyoikunja mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi.

“Hodi.”

“Ingia, koko,” nilisema.

“Hapana. Munipimie tu hapa hapa.”

“Upimiwe nini?” Mama alitoka ndani akijifuta mikono.

“Maziwa. Jana niliona bale ba pikipiki banapimiwa, banakunywa kama ndama. Biashara ya mutoto wako imeanza vizuri. Sitaki baseme kuko muzee mumoja anaimaliza bure.”

“Biashara gani?”

Mama alinitazama, na mimi nikatazama miguu yangu. Akaelewa. Alichukua kikombe, akamimina mpaka maziwa yakagusa ukingo.

“Ikaa kwanza, koko.”

“Mukiriya, mwenye kununua, haikake. Anakunywa, analipa, anaenda.”

“Usinifanyie hivi.”

“Sikufanyii kitu, mama. Lete.”

Akanywa yote, palepale, amesimama, macho ameyafumba. Kisha akanyoosha noti. Mama akaficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto. Ile noti ikaanguka juu ya jiwe, na sisi wanawake watatu tukaiangalia kana kwamba ni nyoka. Koko akageuka, akavuka njia polepole.

Nilingoja mama apige kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kile kiti kifupi, ambacho alikuwa hajawahi kukikalia.

“Nani alikutuma kuuzisha kwa mulango wangu?”

“Mama, nataka kitu changu. Nimechoka na biskuti za batu.”

“Na njia ya Masisi ikifungwa, biashara yako itapita wapi? Juu ya mawingu?”

“Ikifungwa nitangoja ifunguliwe. Si tunangojaka?”

Karibu acheke, niliona mdomo. Lakini ukarudi ulivyokuwa.

“Kazi siikatai,” alisema. “Nakataa koko asimame.”

Akaingia chumbani.

Niliokota ile noti nikaipeleka ng'ambo. Koko alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa. Nilipiga magoti mbele ya ungo wake, nikasema nisamehe, sikufikiri.

“Umefikiri vizuri, mutoto wangu. Ni mimi sijui nikae wapi,” alisema. “Nikiingia, niko omba-omba katikati ya bale benye kulipa. Nikisimama, mama yako analia. Mimi miguu imechoka. Uamue, uniambie.”

Noti aliipokea. Zaidi ya hapo sikurudi na kitu.

Siku iliyobaki nilikuwa na homa isiyo ya malaria. Nikiikataa ile bidoni, itaenda Himbi na haitarudi, na mimi nitarudi kwenye biskuti hadi niote mvi. Nikiichukua, kile kiti nyuma ya mlango kitabaki kitupu, na mama atakiangalia kila asubuhi. Nilipika bugali ikawa na mabonge. Mama aliyala yote, yeye ambaye kwa mabonge alikuwa na hotuba nzima. Nilijaribu kuota friji yangu, ili nifurahi kidogo. Haikuja.

Mwishoni nilijiuliza swali la kijinga kabisa: jana wale wa pikipiki walisimama kwa sababu walitaka kusimama?

Jumamosi mama alienda misa ya asubuhi. Dereva alikuwa bado njiani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ubao mrefu uliobaki tulipotengeneza paa. Nikauburuta mpaka mbele. Nikachagua mawe meusi manne, mazito, yaliyonichubua vidole, nikayapanga mawili huku na mawili kule, chini ya ukingo wa bati, mbali na mlango. Wa kulipa wataketi hapa. Anayeingia ndani ni wa mama, na kwa huyo sina bei. Sikuwa nimemwambia mama. Sikujua kama angekubali, wala kama koko angevuka tena njia. Nilijua tu nitamjibu nini dereva: aniteremshie ile kubwa.

Nikauweka ubao. Ulicheza upande mmoja. Nikatafuta kijiwe bapa, nikakisukuma chini yake kwa kisigino, nikaketi taratibu, kwanza upande huu, halafu ule.