Shangazi Alipowaogesha Perege

Umewahi kumshika samaki hai akakuponyoka? Basi nisikilize, maana ule utelezi uliokukera una habari ndefu, nami niliitia maanani baada ya kuaibika.

Miaka ya themanini shangazi yangu, mwanamke wa mjini Malindi, alichimbisha bwawa katika shamba la marehemu mumewe huko Sabaki. Shemeji yake hakulipenda. Akatoa sharti: samaki wasipozaa kabla ya masika, bwawa litafukiwa papandwe mihogo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo mafupi ya ufugaji, kwa hiyo nikaitwa fundi. Nikamletea perege wazazi kumi na wawili, nikawaacha kwenye beseni nikaenda kupima kina cha maji.

Niliporudi shangazi alikuwa amejifunga kanga kiunoni, sahani ya jivu kando yake, anamsugua perege wa mwisho kama anayekwenda chunguni.

"Shangazi! Wafanyani?"

"Nawaogesha. Wana makamasi hawa! Nani aingia nyumbani kwangu na makamasi?"

"Lakini hao ni wazima!"

"Ndiyo maana nimewasugua polepole."

Nilicheka, nikawatia bwawani hivyo hivyo. Siku ya tano walikuwa wakijikwaruza kwenye kingo na kutweta juu ya maji. Wawili wakafa. Shemeji akapita njiani akapaza sauti: "Nije na jembe leo au kesho?"

"Njoo na sahani," shangazi akamjibu, "utakula maneno yako."

Alipoondoka, shangazi akachuchumaa kuwatazama wale wagonjwa. Nikaketi naye ukingoni nikamweleza niliyofundishwa nikayapuuza. Ute wa samaki, hayo makamasi aliyoyasugua, ni nyuzi ndefu za protini zilizovikwa sukari. Kimelea mchanga, mdogo hata jicho halimwoni, hupapasa sukari hizo, na akizitambua hujua amefika kwa mwenyeji wake, hung'ang'ania. Lakini ndani ya ute huo huo samaki ameficha silaha. Ziko protini ndogo zinazotoboa ngozi ya adui, na ziko kingamwili zinazomkamata adui mmoja maalumu.

"Zamjuaje?" akauliza. Yeye alikuwa mshonaji kofia, nikamjibu kwa kofia.

"Wewe ukishona kofia kwa kipimo cha kichwa kimoja, kichwa chengine haikikai. Kingamwili nayo hutengenezwa kwa umbo la protini zilizo juu ya kimelea. Ikimkaa barabara, humshika."

"Na mwenye kichwa akinyoa?"

Nikapiga kofi pajani. "Hapo umenena! Wapo vimelea wanaobadili protini za ngozi yao. Kofia ya jana ikawapwaya, samaki akalazimika kushona nyingine."

Shangazi akatazama mikono yake. "Salaala! Na mimi nimekwenda kumwaga vitambaa vyote."

Hakuna aliyekosea zaidi yangu, nikamwambia. Ute hurudi, tukiupa nafasi. Tukawachota wale kumi kwa beseni bila kuwagusa, tukawaweka kwa muda mfupi katika maji yaliyotiwa chumvi kidogo. Vimelea wengi hawaivumilii, na ngozi ya samaki huchochewa kutoa ute mpya. Shangazi alikuja na kitambaa mkononi.

"Cha nini hicho?"

"Niwakaushe chumvi…" Akakitupa mwenyewe kabla sijasema neno.

Watatu hawakupona, tukabakiwa na saba. Wiki kadhaa baadaye jike mmoja akakataa kula, mashavu yamemvimba, na shangazi akataka kumtia tena chumvini. Nikamzuia: amebeba mayai mdomoni. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika shemeji alipokuja na jembe begani. Shangazi akamshika mkono akamwinamisha. Pembeni mwa bwawa vifaranga wa perege walikuwa wamejaa kama ufuta.

Shemeji akashusha jembe, akauliza, "Hawa huliwa lini?"

"Kwanza ujifunze kuwashika," akasema shangazi, akamwonyesha. Nawe fanya alivyomwonyesha: lowesha mikono kwa maji ya bwawa kabla ya kumshika samaki hai, mrudishe upesi, wala usimpanguse.