Diplome Ndani ya Kabati

Juma hili nilipanga foleni kwenye dirisha la kulipia masomo, katika chuo kimoja hapa Likasi. Mbele yangu mama mmoja, muuza samaki wa mtaa wa Kikula, alikuwa anaomba diplome ya mwanawe aliyemaliza sayansi ya siasa.

"Mama, mutoto iko na deni. Alipe kwanza," karani alisema.

"Atalipa na nini, papa? Kila fasi anaomba kazi, banamuuliza diplome!"

"Aende kuchimba madini kule Kamatanda."

Mama akashika kiuno. "Kama ni kuchimba, alisomea nini? Benye balimaliza politiki mbele yake, banapata ngapi?"

Karani aligonga kabati la chuma nyuma yake. "Miye nilisoma ile ile, mama. Diplome yangu iko humu. Mushahara haitoshe kumaliza deni."

"Na ufunguo ya kabati, nani anashika?"

"Miye."

Chuo kinajua vizuri mhitimu wake anapata ngapi, maana ndicho kinachomlipa, na bado kinawauzia watoto wetu masomo yale yale bila haya. Miaka mitano kilimfundisha karani huyu maana ya mamlaka. Sasa kinamlipa awafungie wenzake kabati.