Niliunguza Chipu ya Binti Yangu, Nikakaa Kimya

Jamani, nimekosa. Msinitafutie kisingizio, nimeshajitafutia vya kutosha.

Mimi ni fundi redio hapa Mabatini, wa miaka mingi. Binti yangu Rehema alianza kujifunza elektroniki za kisasa, anaunga saketi mwenyewe mezani kwangu: vitaa, waya, na chipu nyeusi yenye miguu kama tandu. Ya kwanza kuikamilisha ilikuwa kengele ya tangi. Maji yakijaa inalia, unafunga bomba. Niliisikia ikilia kwa masikio yangu haya!

Mama mmoja wa Buzuruga, mwenye nyumba za kupangisha, akaahidi: akiona inafanya kazi, Rehema atamfungia kengele kwenye nyumba zote. Kazi yake ya kwanza hiyo.

Asubuhi ya siku aliyopanga kuja kuiona, Rehema yuko bafuni, mimi nikajitia ujuzi. Alishaniambia, "Baba, hii inataka volti tano tu, usiiguse." Mimi niambiwe nisiguse? Nikachukua betri ya pikipiki, ya volti kumi na mbili, nikagusisha waya. Sisi mafundi wa zamani ndivyo tunavyopima: ukiona cheche, umeme upo. Basi cheche niliiona. Na moshi pia.

Nikapeperusha harufu kwa kofia, nikarudisha kila kitu mahali pake, nikaenda kunywa chai. Mzee mzima!

Mama akaja. Kengele kimya. Rehema akakagua waya mmoja mmoja, jasho linamtoka. Mgeni akaaga kwa upole, hakurudi tena.

"Baba, labda kazi hii siiwezi."

Na mimi, bila haya, nikamjibu, "Mungu atafungua njia."

Akafungia vifaa kwenye boksi, akaenda kuuza vitenge dukani kwa shangazi yake. Wiki tatu!

Jana nikamfuata, nikasema yote mbele ya wateja. Dada yangu alinipa maneno yasiyoandikika. Rehema aliuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi?"

"Ilikuwa inafanya kazi, mwanangu."

Akakaa juu ya robota la vitenge, akalia.

Mafundi wenzangu mlioota mvi, mwanao akisema usiguse, acha! Na kama umeshagusa, sema siku hiyohiyo. Wiki tatu mtoto wangu alijiona hana akili, na mimi nakula naye sahani moja, ukweli ninao.