Tulidhani Ni Mfupa

Nilisoma hadi darasa la tatu, lakini maradhi ya mbwa nilijiona nayajua. Upele nilikuwa nikiupaka oili chafu ya injini ya boti. Kupe nilikuwa nikiwatoa kwa kijiti. Mbwa akikonda na tumbo likavimba, hiyo ni minyoo. Mara mbili niliona dume limetoka nyama nyekundu sehemu za siri, inavuja damu. Hilo ni nadra, na silo nililokuja kulisema.

Shamba letu lilikuwa nje ya Siyu, mimi na mdogo wangu, mahindi na ufuta. Mbwa tulimweka kwa ajili ya kufukuza kima. Nyumbani haingii, analala shamba na kula shamba. Kila mwaka afisa wa mifugo alikuja kuchanja mbuzi na punda. Nilimuuliza habari ya mbwa. Akacheka, akasema mbwa hamo kwenye karatasi yake. Huyo ni wa kwanza wa kulaumiwa.

Asubuhi moja tulimkuta amekaa chini ya kibanda, mdomo wazi, taya limening'inia, udenda unamtoka. Hakubweka. Tulimwekea maji, akatia pua, yasipite. Jana yake tulikuwa tumempa mifupa ya samaki.

"Ni mfupa huo," nilisema. "Mimi nitamshika kichwa, wewe tia mkono."

Akatia mkono mpaka karibu na kiwiko. Hakupata kitu. Mbwa hakumuuma, wala hakuwa na nguvu hizo, lakini meno yalimkwaruza vidoleni, na mimi yakanikwaruza kifundo cha mkono. Tukaenda kisimani. Tukajiosha mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa tangu chuoni, tukisoma Kurani. Mdogo wangu hakuridhika, akaenda kumuuliza maalimu. Maalimu akamwambia ametwahirika, na alisema kweli. Alichoulizwa ni najisi, naye akajibu najisi.

Siku ya pili mbwa alikufa. Tukamfukia.

Siku ya nne nilikwenda Lamu kwa ajili ya jino. Muuguzi alikiona kifundo changu, akauliza. Nikamweleza mbwa, taya, udenda, maji yasiyopita. Akaacha kuandika. Akasema huo ni kichaa cha mbwa, kile kinachonyamaza, na kwamba wengi hudhani ni mfupa. Nikachomwa sindano hapo hapo, nikapewa siku za kurudi. Akasema, "Mpigie ndugu yako aje leo."

Nikampigia. Nikamwambia yote.

"Mimi nishajitwahirisha, kaka. Kwani wewe hukuwapo?"

Nikamwambia hili silo la twahara. Akasema mbwa hayuko, kima wameingia upande wa ufuta, akitoka yeye nani atabaki? Nikamwambia muuguzi amesema leo. Akasema atakuja nikirudi mimi, tupokezane shamba.

Sikurudi siku ile. Jino lilikuwa limeng'olewa, nikalala kwa shangazi Lamu, nikangoja sindano ya pili. Huku nyuma mdogo wangu alipita kwa muuza dawa wa pale kijijini, akaonyesha vidole. Muuza dawa akamwambia mbwa wa kichaa hukimbia na kuuma watu, huyo wenu alikaa tu. Akampa vidonge vya vidonda. Huyo ni wa pili, na mpaka leo ana duka lake na watu wanapanga foleni.

Niliporudi, vidole vilikuwa vimepona. Akanionyesha, akavikunja na kuvikunjua. "Mato yako hayaoni?" alisema. Sikumvuta twende Lamu. Nilikuwa nimechoka, na ufuta ulikuwa karibu kukatwa.

Wiki ya sita mkono ulianza kumwasha. Kisha akashindwa kumeza maji. Nilimwekea kikombe, akakitazama, akageuza uso, na koo likawa linaruka lenyewe. Tulimpeleka Lamu kwa boti tumemfunika kwa shuka, kwa sababu upepo ulimtesa. Daktari alisema hapo hapana dawa tena. Alikufa siku ya tatu. Mimi sindano zangu nilizimaliza zote. Sikuumwa hata kichwa.

Sikulia. Watu walisema nina subira.

Mkewe alipokuwa edani nilimpelekea unga. Aliniuliza kutoka nyuma ya mlango, sauti haikupanda.

"Shemeji, nani aliyesema ni mfupa?"

Nilikuwa nimeshawataja wengine wote kwake, afisa wa mifugo na muuza dawa, kila mmoja na kosa lake.

"Yeye mwenyewe," nilisema. "Nilimkataza."

Akaupokea unga. Kisha akasema ndivyo alivyokuwa, hasikii la mtu.

Sasa ni miaka. Kila Ijumaa nala kwake. Wanawe wakikaidi jambo, mama yao huwaambia msiwe kama baba yenu, alikatazwa na mkubwa wake akatia mkono. Nao hunitazama mimi, nami naendelea kula.