Hesabu Iliyowekewa Matanga

Watu wakiniuliza kazi yangu huwaambia nasomesha hesabu, na mazungumzo huishia hapo. Hasa mimi ni mtu wa aljebra, na aljebra yenyewe haina tarakimu nyingi. Mama, anayeuza leso nyumbani kwetu Mishomoroni, nilimweleza kwa leso yake mwenyewe: igeuze kichwa chini, kisha ipindue nyuma mbele, halafu uone kama ukianza na la pili utafika palepale. Leso hufika. Kuna vitu vingine havifiki, na hivyo ndivyo vilivyonila ujana. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaikunja ile leso na kuirudisha kwenye rundo.

"Na hayo ndiyo wanayokulipia?"

Swali langu moja lilinichukua miaka sita. Nililishika asubuhi kabla ya kwenda chuoni, maana nikitoka kwa wanafunzi kichwa huwa kimechakaa. Mama hakujua swali lasema nini, ila alijua likiisha nitapandishwa cheo, na haja yake ilikuwa moja tu, aniite profesa angali na macho ya kunionea. Sukari ilikuwa imeshalichukua jicho moja. Kila nikitoka chumbani aliniuliza, "Bado?" Nami nikamjibu, "Karibu, mama."

Jibu nilikuwa nimeshalipata, nalinakili kwa usafi, siku nilipofungua mtandao ambako watu wa fani yetu huweka kazi zao kabla hazijachapishwa. Mtu wa nchi ya mbali, nisiyemjua, alikuwa amelijibu swali langu. Nilimsoma mstari kwa mstari nikitafuta kosa, na sitaficha, nililitamani hilo kosa. Halikuwapo. Njia yake ilikuwa fupi kuliko yangu, tena nzuri. Katika kazi yetu wa pili hana fungu, hata akichelewa kwa wiki.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Hesabu yangu imekwenda. Kuna mtu amenitangulia."

Alivaa buibui lake, akatoka.

Alasiri wanawake wa mtaa wakaanza kupiga hodi. Waliingia mmoja mmoja, wakanipa mkono na kuniambia pole, wakaketi mkekani. Jirani wa mlango wa pili alileta mahamri na mbaazi za nazi, kwa kuwa nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Mwanzo nilitaka kucheka, nikaona haya, kisha nikalia mbele yao kama mtu aliyefiwa hasa. Hakuna aliyeniambia kuwa hiyo ni hesabu tu. Nawashukuru kwa hilo mpaka leo.

"Huyo mtu yuwakujua?" akaniuliza jirani.

"Hanijui, bibi."

"Basi hakukwibia."

"Hakuniibia."

"Mola atakupa nyengine, inshallah."

Wote wakaitikia. Wakanywa chai, wakahamia kwenye bei ya nazi, na magharibi ilipokaribia kila mtu akaenda kwake.

Mama alibaki akikusanya vikombe kwa kupapasa. "Na hiyo nyengine," akasema, "ni ya miaka mingapi?"

Nikamwambia liko swali kubwa ambalo nimelitamani tangu nilipokuwa mwanafunzi, ambalo hakuna aliyeligusa, na kwamba huenda likanichukua miaka kama ya lile la kwanza, huenda ikazidi. Nilisema kwa furaha, nikidhani namliwaza.

"Hilo litakungoja, mwanangu," akasema. "Mimi nitafutie dogo."

Niliingia chumbani. Maswali madogo hayakosekani, yale ambayo wakubwa wa fani huwaachia wanafunzi wao. Miaka yote nilikuwa nimechagua maswali kwa uzuri wake. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilichagua moja kwa kukisia jicho la pili lingedumu hadi lini.